Papai Lenye Mistari Minne

Kosa langu la kwanza lilikuwa barafu. Nilichuma mapapai mawili kwenye mti wa mama, nikayalaza ndani ya sanduku la baba la kubebea samaki, nikayafunika kwa barafu iliyopondwa kama watu wanavyofunika samaki mbuta wa kwenda mbali, kisha nikayatuma Lodwar kwa dada yangu. Sikumwuliza mtu. Kwetu Sindo, kando ya ziwa, mtoto huijua barafu kabla hajajua kusoma. Kitu kikiwekewa barafu kinafika. Kisipowekewa kinaoza njiani. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kitu duniani ambacho barafu inaweza kukiharibu.

Yalifika baada ya siku mbili. Dada alinipigia simu akiwa bado kwenye ofisi ya vifurushi.

"Owadwa," akasema, maana hivyo ndivyo anavyoniita, ndugu yangu, "umenitumia mapapai au umenitumia mbuta?"

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilimwomba anieleze kila kitu, naye akanieleza: maboksi mengine yote pale ofisini yalikuwa makavu, letu peke yake lilikuwa limelowa na kunuka samaki. Ngozi ya mapapai ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama mtu aliketi akiyachoma kwa sindano. Hata hivyo aliyapeleka nyumbani, akayaosha kwa sabuni, akayaweka mezani yaive. Hayakuiva. Yalikaa juma zima yakiwa kijani na magumu, halafu yakaanza kuwa meusi upande wa chini. Baadaye, siku ambayo sikuuliza, aliniambia kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha alikuwa akiyabonyeza kwa kidole gumba kuona kama yamelainika.

Nilikuwa nimeyavumilia yale mengine yote. Habari ya kidole gumba ilinikosesha raha kwa siku nyingi.

Niseme kwa nini mapapai. Mama yetu alipanda mipapai mitatu nyuma ya jikoni, miezi michache kabla hajafariki. Alikuwa akiimwagia maji ya kuoshea vyombo, na nadhani ndiyo sababu iliota haraka kuliko ya majirani. Tulipomzika, mipapai ilikuwa imefika mabegani mwangu na haijatoa ua. Dada alikaa siku tisa, akarudi kazini, katika shule iliyo kwenye kituo kidogo mbele ya Lodwar, na tangu siku hiyo hakuja nyumbani tena. Kila likizo ilikuwa na sababu. Mara mitihani, mara njia imekatwa na maji, mara amechoka. Siku moja nilimbana akasema ukweli. "Nikija nitaingia jikoni," akasema. "Nitaingia tu, bila kufikiri, nimwambie nimefika. Halafu nitafanya nini?"

Wakati huo mipapai ilikuwa imeanza kuzaa, na nikaingiwa na wazo ambalo sasa naona lilikuwa la kitoto: kwamba tunda moja la mama likimfikia likiwa zima, baridi, bila hata mkwaruzo, atalila na kutaka kuja. Sikumwambia. Nilisema tu, "Nitakutumia mapapai."

Mpapai hauishi sana. Wa kwanza uliangushwa na upepo. Wa pili ulikauka kuanzia juu. Wakati wa kosa langu la barafu ulikuwa umebaki mmoja, mrefu, mwembamba, umeinamia ukuta wa jikoni, na kila msimu matunda yake yalikuwa madogo kuliko ya msimu uliopita.

Baba, ambaye amenunua samaki pale ufukweni na kuwauza maisha yake yote, nilimpa habari ya vishimo. Alinisikiliza akinoa kisu chake.

"Barafu haijawahi kuniangusha," akasema kwa Kijaluo. "Hiyo ni shida ya mapapai yako."

Mimi nafanya kazi Migori mjini, kwenye duka la kuchapisha na kutoa kopi. Ni kazi inayonifaa kwa sababu inanilipa kwa ugonjwa wangu. Karatasi ikitoka imeinama upana wa uzi, mimi naiona, na naitoa upya hata kama mteja amesharidhika na anataka kwenda. Wateja wengine hunipenda kwa hilo, wengine huniambia niache mambo mengi. Nyumbani kwangu vikombe vinaangalia upande mmoja. Sisemi haya kwa kujisifu, yamenitesa. Na kuna jambo moja sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mama alipokuwa amelala mgonjwa, zikiwa zimebaki siku chache, aliniomba papai. Mipapai yake ilikuwa bado midogo, kwa hiyo nilikwenda sokoni. Nilikuta moja tu lililoiva vizuri, lakini lilikuwa na doa jeusi ubavuni, kubwa kama kifuniko cha soda. Nikaliacha. Nilimwambia nitapata zuri zaidi siku ya soko. Siku ya soko nilipata zuri, halina doa popote, na mama hakuweza tena kumeza.

Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyekaa chini kujifundisha kusafirisha mapapai.

Nilianza na simu. Niliangalia video za watu wanaofunga matunda katika nchi ambazo sizijui, wana mashine na vyumba vya baridi, nikaandika kila walichosema kwenye daftari. Nilijifunza kwamba papai likikaa kwenye baridi kali linaumia ngozi na kusahau kuiva. Nilijifunza kwamba linaloharibu tunda safarini mara nyingi si joto peke yake; ni joto pamoja na kutikiswa na kukosa hewa. Nililijifunza hili la mwisho nikiwa nimechelewa. Papai la pili, nililolituma bila barafu ndani ya katoni niliyoifunga kwa gundi ya karatasi pande zote hadi asipite hata sisimizi, lilifika limejipika. Dada alisema alipofungua katoni mvuke ulimpiga usoni kama wa sufuria ya githeri.

"Lakini halikuwa na mkwaruzo," akaongeza, kwa kunionea huruma.

Ndipo nikaenda kwa mama mmoja anayeuza matunda na tende karibu na stendi ya Migori. Ametoka pwani miaka mingi iliyopita, amevaa buibui na miwani, na Kiswahili chake ukikisikiliza unaona aibu ya chako. Nilikuwa namjua kama mteja tu. Lakini nilikuwa nimeona kwamba mananasi yake ya Rangwe na mapapai yake hayaharibiki haraka kama ya wengine, na hana friji. Nilimweleza habari yangu, nikafika kwenye barafu. Aliweka kisu chini.

"Barafu?" akasema. "Ya samaki?"

"Ya samaki."

"Juu ya papai?"

"Juu, chini na pembeni, mama."

Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akamwita mwenzake wa duka la pili, naye aje asikie, na mimi nikalazimika kueleza upya.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "samaki amekufa. Papai lingali hai, linapumua kama wewe. Ukilifukia barafu walitia kaburini. Ukilifunga lisipate hewa walinyonga. Sasa wewe wataka lifike hai, au wataka lifike maiti safi?"

Alinifundisha kwa majuma kadhaa, kila nilipopata nafasi ya chakula cha mchana. Papai lichumwe asubuhi mapema, kabla halijashika jua, lakini si likiwa na umande. Lichumwe likiwa na mchirizi mmoja wa manjano kutoka kitakoni. Lisilo na mchirizi halijakomaa, na lenye mitatu halifiki. Likatwe likiwa na kikonyo chake, liinamishwe utomvu udondoke, kwa sababu ule utomvu ukikaukia kwenye ngozi unaiunguza. Kisha lipumzike. Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea zaidi, alisema, mimi nilikuwa nachuma na kukimbia. Tunda lililotoka mtini lina joto la mti ndani yake, na lazima litolewe polepole. Yeye alikuwa na kreti zilizofunikwa kwa gunia bichi, zimewekwa mahali upepo unapopita. Niliingiza mkono chini ya gunia. Palikuwa na ubaridi kama wa chini ya mtungi.

"Huo ndio wa papai," akasema. "Uliozidi hapo ni wa mbuta wako."

Nyumbani Sindo nilitengeneza changu: kijisanduku cha mbao chenye kuta mbili za wavu wa kuku, katikati nimejaza makaa, na makaa nayalowesha kwa maji asubuhi na jioni. Kuta zake nilizipima kwa rula. Baba alikizunguka mara mbili.

"Makaa ya kupoza," akasema. "Na jiko tutatia barafu?"

Papai la tatu nililifunga kwa magazeti, karatasi moja moja, nikalilaza kwenye maranda ya seremala ndani ya katoni yenye matundu, kikonyo chini. Nililifungua na kulifunga upya mara tatu kwa sababu karatasi ilijikunja upande. Nililibeba mapajani hadi Homa Bay, nikalipeleka kwenye basi la jioni ili joto la Turkana lilikute asubuhi na si mchana. Karani wa vifurushi aliigeuza katoni akisoma maandishi yangu: JUU, USIGEUZE, USIPANGE KITU HAPA, HEWA.

"Omera, rafiki yangu, hapa ndani kuna nini? Mtoto?"

"Papai."

"Papai moja?"

"Moja. Tafadhali lisikae upande wa injini. Na lisiwekwe chini ya mzigo."

"Boss, niiweke kwa siti ya dereva, dereva aende kwa buti?" Watu waliokuwa kwenye foleni wakaangua kicheko. "Hata bibi yangu siku ya harusi hakufungwa hivi."

Lakini aliiweka juu, mbele, karibu na dirisha. Nilisimama nikaangalia hadi basi likaondoka.

Lilifika zima. Dada alinitumia picha: papai langu mezani kwake, la manjano lote, laini, halina doa, halina mkwaruzo, linang'aa kama limechorwa. Niliiangalia ile picha siku nzima pale dukani, nikiikuza kwa vidole, nikitafuta kosa. Sikuliona. Jioni nikampigia.

"Ni tamu?"

"Ni tamu sana. Asante, owadwa," akasema, kwa sauti ya kumshukuru mgeni.

"Sasa? Kwani iko nini?"

"Hakuna kitu. Ni zuri. Limefanana tu na la kununua."

"Ni la mama! Nimelichuma mwenyewe."

"Najua. Lakini mistari iko wapi?"

Sikuelewa kwanza. Halafu nikakumbuka, na nikaketi kitandani.

Mama alikuwa na desturi ya kuchanja mapapai. Kabla hajapanda ile mipapai mitatu, kulikuwa na mingine tulipokuwa wadogo, na papai likikomaa alilichanja likiwa bado mtini, kwa ncha ya kisu cha jikoni, mistari minne kuanzia kikonyoni hadi chini. Utomvu mweupe ulitoka kwenye mistari na kudondoka chini. Alisema ukitoka, papai linaiva upesi na halibaki na uchungu. Baada ya siku chache mistari ilikauka ikawa kama nyuzi za kahawia. Wakati wa kula alifuata mistari ileile kwa kisu, na papai likagawanyika vipande vinne, cha baba, cha dada, changu na chake. Wanakijiji wengi walichanja, lakini kila mmoja kwa namna yake. Ungempa dada yangu mapapai kumi ya watu kumi, angekuonyesha la mama.

Mimi nilikuwa nimeacha kuyachanja kwa makusudi. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari, na kupigia mstari chini yake: ngozi isiwe na alama yoyote.

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikuwa nimefanya kila kitu sawasawa na nimemwondoa mama kwenye tunda lake. Niliporudi kwa mama wa tende nikamwuliza kama papai lililochanjwa linaweza kufika Lodwar. Alifikiri.

"Kidonda kibichi hakisafiri," akasema. "Kitaingia uvundo. Lichanje mtini, uliache lipone mtini. Likishafunga, ndipo ulichume. Lakini huenda lisifike zuri, nakwambia mapema. Utaweza kuvumilia hilo, wewe?"

Nilisema nitaweza. Sikuwa na hakika.

Jumamosi nilikwenda nyumbani. Mti ule wa mwisho ulikuwa umebakiwa na mapapai manne, matatu yakiwa madogo kama ngumi. La nne ndilo lililokuwa limekomaa, nalo halikuwa limenyooka. Lilikuwa na uvimbe upande mmoja pale lilipobanwa na ukuta wa jikoni. Mwaka uliopita nisingelitazama mara mbili. Niliomba kisu cha mama. Baba alikuwa akikitumia kwa samaki, akakiosha bila kuuliza, akanipa, kisha akasimama mlangoni pa jikoni.

Mstari wa kwanza ulikwenda upande. Nilitaka kuacha.

"Yake haikuwa imenyooka," baba akasema. "Alikuwa akichanja huku akigombana na mimi."

Nikachanja mingine mitatu. Utomvu ukadondoka kwenye kiatu changu. Nikaliacha mtini, nikarudi Migori, na juma zima nikawa nawaza kuhusu ndege, popo, upepo, na ule mti uliokuwa umezidi kuinama. Jumamosi iliyofuata mistari ilikuwa imekauka. Nililichuma asubuhi, nikalipumzisha kwenye sanduku la makaa hadi alasiri, nikalifunga mara moja tu. Kwenye katoni niliandika JUU peke yake. Karani wa Homa Bay aliniuliza kama ninaumwa.

Safari hii dada hakutuma picha. Alinipigia, mbuzi wakilia nje ya nyumba yake.

"Limebonyea kidogo," akasema. "Pale kwenye uvimbe."

"Pole. Nilijua pale..."

"Nyamaza. Nimekata kwa kufuata mistari. Nimekata vipande vinne kabla sijakumbuka niko peke yangu."

Kisha akaniambia kwamba mbegu hakuzitupa. Amezianika kwenye karatasi ya mtihani.

"Zitume," nikasema haraka. "Nitakueleza namna ya kuzifunga, zisipate unyevu, kwanza unatafuta..."

"Sitaki kufundishwa kufunga," akasema. "Nitazileta."

Mti ulianguka kabla hajaja. Ulilalia jikoni siku ya mvua, ukavunja bati moja, na baba akanipigia simu kuniambia kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba. Dada alikuja likizo ya Agosti. Aliingia jikoni kwanza, kama alivyosema, na akakaa humo muda. Mimi na baba tulibaki nje tukijifanya tunatazama lile sanduku la makaa. Alipotoka alikuwa ameshika kisu na ile karatasi ya mtihani. Tulizipanda mbegu mahali palepale, tukazimwagia maji ya vyombo.

Siku hiyo ndiyo niliyomwambia habari ya papai la sokoni, lile lenye doa. Nilidhani atanikasirikia. Alikuwa akipiga udongo kwa kiganja, akaendelea kupiga.

"Mama alikuwa akikata doa anatupa doa," akasema. "Wewe ulitupa papai."

Yapo mambo ambayo hayajabadilika. Bado natoa kopi upya ikiinama upana wa uzi. Vikombe vyangu bado vinaangalia upande mmoja. Katika miche iliyoota, mmoja umegeuka mpapai dume, hautazaa kamwe, na baba amekataa ukatwe. Lakini dada sasa anakuja kila likizo ndefu, na kati ya likizo na likizo namtumia mapapai ya miti miwili iliyozaa. Siweki barafu. Nayachanja kabla ya kuyachuma, mistari minne isiyonyooka, na yakiwa na doa nayatuma hivyohivyo.